Mgonjwa Aliyekataa Mofini: Uchambuzi wa Kisa cha Huduma ya Kiroho Wodini

Mgonjwa wa kisa hiki ni mzee wa miaka 67 aliyelazwa kwa saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa hadi kwenye ini. Kisa kimeundwa kwa kuunganisha hali zinazojirudia katika wodi za huduma shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wagonjwa wasioweza kupona, ili pasiwe na mtu hata mmoja anayeweza kutambulika. Madaktari walikuwa wamekwisha kumweleza yeye na familia yake kwamba ugonjwa hauwezi kupona tena na kwamba lengo lililobaki ni kumpunguzia mateso. Aliipokea habari hiyo kwa utulivu uliowashangaza wanawe. Kilichowatatiza wote ni kwamba alikubali kila kitu isipokuwa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu.

Maumivu ya saratani ya kongosho yanajulikana kwa ukali wake: huanzia tumboni, hupenya hadi mgongoni, na mara nyingi humlazimu mgonjwa kuketi ameinama mbele kwa sababu kulala chali huyazidisha. Mzee alikuwa akiketi hivyo usiku kucha. Alipoombwa kuyakadiria maumivu yake kwa namba kati ya 0 na 10, alitaja 8, nyakati nyingine 9, kisha akaomba parasetamoli peke yake. Mofini ya maji aliyoandikiwa kila baada ya saa nne ilirudishwa kabatini bila kuguswa, na wauguzi wakaandika kwenye faili, zamu baada ya zamu, kwamba mgonjwa amekataa.

Daktari alianza na sababu zinazojulikana. Wagonjwa wengi huogopa kwamba mofini itawafanya wawe waraibu, na wengine huamini kuwa ni dawa inayopewa mtu ili afe upesi. Alieleza kwa subira kwamba dozi hupandishwa polepole kwa kufuata maumivu yenyewe, kwamba usingizi wa siku za kwanza kwa kawaida hupungua, na kwamba dawa ya kulainisha choo ingeandikwa pamoja nayo. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akakataa. Uwezo wake wa kuamua ulipopimwa ulionekana kamili: aliyaelewa maelezo, aliyakumbuka, aliweza kupima faida na hasara, na aliweza kueleza uamuzi wake, ambavyo ndivyo vigezo vinne vinavyotajwa pia katika sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kiakili. Daktari wa afya ya akili aliona huzuni, lakini hakuona sonona ambayo ingeeleza kukataa huko. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kukataa, na haki hiyo iliheshimiwa hata pale mwanawe mkubwa alipoomba dawa itiwe kwa siri katika kinywaji cha baba yake. Daktari alikataa papo hapo, na alifanya vyema, maana mgonjwa anayegundua kuwa ametiliwa dawa kwa siri hakiamini tena hata kikombe cha maji.

Familia ikamwita mchungaji wa kanisa lao. Fomu ya kulazwa ilikuwa imejazwa neno "Mkristo", na hakuna aliyefikiri kuwa kuna jambo jingine la kuuliza. Mchungaji aliomba, akasoma Maandiko, akamhakikishia mzee kwamba Mungu husamehe dhambi zote na kwamba hakuna sababu ya kuteseka. Mzee akaitikia amina. Jioni ile alikataa dozi kama kawaida, na akawaomba wanawe kwa adabu wasimsumbue mchungaji tena.

Jambo lililobadili mwelekeo wa kisa lilitokea usiku, wakati muuguzi wa zamu alipokuwa akimsaidia kugeuka kitandani. Mzee alikunja uso kwa maumivu, akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu hakupata hata kidonge." Muuguzi hakumhoji wala hakumfariji. Aliyaandika maneno hayo jinsi yalivyosemwa katika ripoti ya zamu, na asubuhi akaomba mhudumu wa kiroho wa hospitali aitwe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote zilizofanyika katika kisa hiki, na ilifanywa na mtu ambaye kazi ya kiroho haimo katika cheo chake. Mgawanyo unaopendekezwa katika taaluma hii ni kwamba kila anayemhudumia mgonjwa awe na uwezo wa kutambua dalili za dhiki ya kiroho, na aliyefunzwa hasa kwa kazi hiyo ndiye afanye tathmini ya kina. Mgawanyo huo huvunjika pale ambapo wauguzi wanaamini kuwa mambo ya dini hayaandikwi kwenye faili.

Mazungumzo

Mhudumu wa kiroho alikuwa mwanamke mwenye mafunzo ya kazi hiyo, wa dhehebu lisilokuwa la mgonjwa. Alianza na maswali ya FICA, chombo kilichotungwa na daktari Christina Puchalski wa Marekani katika miaka ya 1990, ambacho huuliza juu ya mambo manne: imani ya mgonjwa, uzito wa imani hiyo katika maisha yake, jumuiya inayomzunguka, na namna ambavyo angependa watoa huduma wayashughulikie mambo hayo. Majibu ya mzee yalikuwa mazuri mno. Anamwamini Mungu, imani ndiyo nguzo yake, kanisa linamtembelea, na hahitaji kitu zaidi. Mhudumu anayejaza fomu na kuondoka angeandika kwamba mgonjwa hana dhiki ya kiroho, na fomu yenyewe ingemuunga mkono. Chombo cha aina hii kinafaa kufungulia mazungumzo, na kinadanganya sana kinapotumika kuyafunga.

Alipomaliza maswali alimwambia wazi mahali alipotoka: "Mzee wangu, muuguzi wa usiku ameniambia ulimtaja mdogo wako. Ukipenda kunisimulia nina nafasi. Usipopenda, nitakaa nawe kidogo kisha niende." Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, naye hakuujaza ukimya ule. Hatimaye mzee akasimulia. Miaka mingi iliyopita yeye na mdogo wake waligombana juu ya nyumba ya urithi. Mdogo akaugua, na mke wake akaja kwa shemeji yake kuomba msaada wa matibabu. Fedha zilikuwepo. Alimjibu kwamba arudi baada ya mumewe kuomba radhi. Mdogo alifariki nyumbani kabla ya kuomba radhi na bila dawa yoyote ya maumivu. Wana wa mzee hawakuwahi kuambiwa. "Niliambiwa alikuwa analia usiku," alisema. "Sasa ni zamu yangu, binti yangu."

Ni rahisi kuona jinsi ambavyo mtu mwenye huruma angejibu hapo. Angemwambia kuwa hayo yamepita, kuwa Mungu ni mwingi wa rehema, kuwa saratani haitumwi kama adhabu. Mhudumu hakusema lolote kati ya hayo. Aliuliza swali moja: "Na deni hilo, mzee wangu, unamlipa nani?" Mzee alijibu kwamba anamlipa Mungu. Baada ya kufikiri akasema anamlipa mdogo wake. Kisha akatikisa kichwa, kwa kuwa marehemu hapokei malipo, na kwa mara ya kwanza akamtaja mjane.

Mofini ilikuwa haijatajwa hata mara moja.

Maumivu yalikuwa ya aina gani?

Cicely Saunders, muuguzi aliyepata pia mafunzo ya ustawi wa jamii na baadaye ya udaktari, na ambaye mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice mjini London, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa anayekaribia kufa huwa na pande nne zilizosukana: ya mwili, ya nafsi, ya mahusiano na ya roho. Mara nyingi fundisho hilo hueleweka kwa maana finyu, kana kwamba pande hizo ni mafungu manne yanayogawiwa wataalamu wanne, kila mmoja na la kwake. Kisa hiki kinaonyesha kwa nini haiwezekani. Maumivu ya tumbo yalikuwa ya saratani kweli, na yangetulizwa na mofini kweli, lakini mgonjwa alikuwa ameyapa kazi. Yalikuwa malipo. Kumwondolea maumivu bila kugusa kazi hiyo kulikuwa, kwa mtazamo wake, sawa na kumsaidia kukimbia deni, na ndiyo maana kadiri daktari alivyoieleza vizuri nguvu ya dawa, ndivyo mgonjwa alivyozidi kuikataa.

Mwanasaikolojia wa Marekani Kenneth Pargament na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti wa miaka miwili uliofuatilia wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Waliokuwa katika mapambano ya kidini, kwa mfano waliojiuliza kama Mungu amewaacha au waliotilia shaka upendo wake, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata baada ya hali yao ya kimwili na ya kiakili kuzingatiwa. Utafiti huo unatajwa mara nyingi kama uthibitisho kwamba dhiki ya kiroho si jambo la pembeni, na kwa hilo unafaa. Hata hivyo mzee huyu hakufanana hasa na wagonjwa wa namna hiyo. Hakuhisi kwamba Mungu amemwacha. Mungu wake alikuwa karibu mno, ameketi kando ya kitanda na daftari la hesabu. Mhudumu anayetafuta dalili za mtu aliyepoteza imani hawezi kumwona mgonjwa ambaye imani yake ndiyo inayomtesa.

Kwa sababu hiyo maneno ya mchungaji yalishindwa ingawa, kwa mafundisho ya kanisa lao wenyewe, hayakuwa na kosa. Alimtangazia msamaha mtu ambaye kosa lake hakuwa amelisikia. Mzee hakuwa na shaka kwamba Mungu anaweza kusamehe. Shaka yake ilikuwa kama ni haki kwa mdogo wake, ambaye hakuulizwa. Msamaha uliokuja upesi namna ile ulimthibitishia kwamba hakuna anayejua alichofanya, na hivyo kwamba haumhusu.

Kulikuwa na njia nyingine ya kukosea, yenye sura ya heshima zaidi, na naiona kuwa ya hatari zaidi. Timu ingeweza kuandika kwamba mgonjwa ana imani inayomtaka avumilie, kwamba uamuzi wake unaheshimiwa, na kumwacha. Wapo wagonjwa wanaopunguza dawa kwa hiari ili wabaki macho kwa ajili ya sala, na wapo wanaoyatoa mateso yao kama sadaka, na hao hawahitaji kuokolewa. Tofauti kati yao na mzee huyu haionekani kwenye orodha ya dawa walizokataa, kwa kuwa orodha inaweza kuwa ile ile. Inaonekana kwa kuuliza. Je, mateso hayo yanamfungua mgonjwa kwa watu wake au yanamfungia? Je, yana kikomo? Je, mgonjwa anaweza kutaja jambo ambalo likitimia angeona inatosha? Mzee alikuwa ameacha kuwatazama wanawe usoni, na deni lake halikuwa na kiasi. Alikuwa akilipa bila kujua limebaki kiasi gani, na mtu wa namna hiyo hawezi kumaliza.

Anton Boisen, mchungaji aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili na ambaye mwaka 1925 alianza kuwafunza wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, alitaka wajifunze kuwasoma wagonjwa kwa uangalifu ule ule wanaoutumia kusoma vitabu. Swali la "unamlipa nani" ni tunda la usomaji wa namna hiyo. Halikuibishia imani ya mzee wala halikuikubali. Liliingia ndani yake na kuonyesha mahali ilipokwama, yaani malipo yalikuwa yakienda mahali pasipokuwa na mpokeaji.

Faili na siri

Mhudumu alipotoka chumbani alikuwa na habari ambayo timu iliihitaji na ambayo hakuwa na ruhusa ya kuitoa. Aliandika hivi: mgonjwa haiogopi dawa, anayahusisha maumivu yake na jambo la zamani linalolemea dhamiri yake, ameomba kuonana na ndugu mmoja wa familia, inapendekezwa maelezo kuhusu mofini yasimame kwa sasa, ila dawa iendelee kuwepo pindi akiihitaji. Sentensi hizo zilitosha. Daktari alijua aache kueleza, wauguzi walijua wasibishane naye, na jina la mdogo mtu, ugomvi na nyumba havikuingia katika faili linalosomwa na watu wengi. Wapo wanaoona kuwa huduma ya kiroho isiandikwe kabisa, ili siri isivuje. Sikubaliani nao. Kisichoandikwa hakiingii katika mpango wa matibabu, na mgonjwa angeendelea kuhubiriwa juu ya dawa kila asubuhi.

Mjane

Hapa kisa kinakuwa kigumu. Ilikuwa rahisi kumwita mjane kama dawa nyingine tu: aje, asamehe, mzee anywe mofini. Lakini mjane hakuwa mali ya hospitali. Alikuwa mtu aliyedhulumiwa, na kumwita kitandani pa mtu anayekufa ni kumweka mahali ambapo kukataa kunaonekana ukatili. Kwa idhini ya mzee, mhudumu alimpigia simu yeye mwenyewe na kumweleza mambo matatu: kwamba shemeji yake anaumwa sana, kwamba anaomba kuzungumza naye juu ya marehemu mumewe, na kwamba halazimiki kuja wala hakuna atakayemlaumu. Akamwambia pia kwamba akija hatakiwi kusema neno lolote asiloliamini. Mjane aliomba muda wa kufikiri, kisha akapiga simu kusema atakuja.

Mzee alipopata habari hiyo alihofia jambo moja, kwamba maumivu yatamzuia kusema hadi mwisho. Mhudumu alimpelekea daktari hofu hiyo, naye daktari akaeleza kwamba maumivu makali yenyewe huvuruga akili, na kwamba dozi ndogo ya mofini mapema asubuhi huenda ikamwezesha kuketi na kuzungumza. Mzee akaikubali, akisisitiza kuwa haikuwa kwa ajili yake. Wanaokisimulia kisa cha namna hii hupenda kusema kwamba mgonjwa alisamehewa ndipo akapokea dawa, lakini mpangilio wa mambo haukuwa huo. Dozi ya kwanza ilinywewa kabla ya mjane kufika, na ilinywewa kama sehemu ya kulipa deni. Aliyekuwa anateseka kwa ajili ya mdogo wake alipata njia ya kunywa dawa kwa ajili ya mdogo wake.

Mkutano wenyewe haukuchukua muda mrefu. Mhudumu alikaa karibu na mlango kwa ombi la wote wawili. Mzee alieleza alichofanya bila kutaja ugomvi wa nyumba, ingawa angeweza kuutumia kujitetea. Mjane alimsikiliza, akasema, "Shemeji, nimekusikia. Kukwambia nimekusamehe, leo siwezi. Lakini mwenzangu asingetaka ulie usiku kama alivyolia yeye." Akaaga.

Kuanzia usiku ule mzee alipokea dozi za usiku, na maumivu yake ya usiku yakashuka hadi 3 au 4. Za mchana aliendelea kuzikataa mara kwa mara hadi siku zake za mwisho, na daktari akaupanga upya utaratibu wa dawa kufuatana na hilo badala ya kupambana nalo. Alianza kuzungumza na wanawe. Alifariki yapata wiki mbili baadaye.

Kama kipimo ni mofini

Katika kikao cha timu baada ya kifo, wapo waliokiita kisa hiki mafanikio na wapo waliosema ni nusu ya mafanikio, kwa sababu dozi za mchana hazikukubaliwa kamwe kikamilifu. Pande zote mbili zilikuwa zikitumia kipimo kimoja, nacho ndicho ninachokitilia shaka. Ikiwa huduma ya kiroho inapimwa kwa idadi ya dozi zilizokubaliwa, mhudumu anakuwa mkono mwingine wa kitoroli cha dawa, na mgonjwa atamtambua haraka kuliko timu inavyodhani. Mhudumu huyu alimwambia daktari tangu siku ya kwanza kwamba hawezi kuahidi kuwa mzee atakunywa dawa, na naamini ahadi ile aliyoikataa ndiyo iliyomwezesha kusikilizwa. Azimio la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani la mwaka 2014 kuhusu huduma shufaa linayaweka mahitaji ya kiroho pamoja na ya mwili na ya kijamii, na haliyafanyi kuwa ngazi ya kufikia hayo mengine.

Palipobaki upungufu ni kwa mjane. Alitoka wodini akiwa amesikia jinsi mumewe alivyokosa matibabu, safari hii kwa kinywa cha aliyemnyima, na hakuna aliyepangiwa kumpigia simu wiki iliyofuata. Timu ilimtunza vizuri kabla ya mkutano na kumsahau baada yake. Mpango wa kukutanisha watu kwa ajili ya mgonjwa unapaswa kuwa na jina la atakayemfuatilia yule anayerudi nyumbani, na jina hilo liandikwe kabla hajaitwa.

Baada ya mazishi mwana mkubwa alimrudia mhudumu akitaka kujua baba yake alikuwa na jambo gani na mama mdogo. Mhudumu alimjibu kwamba alichoambiwa na baba yake haruhusiwi kukisema, na kwamba wajibu huo haukuisha kwa kifo chake. Kijana aliondoka na hasira, na hasira hiyo inaeleweka. Njia pekee iliyobaki wazi ilikuwa kwa mama mdogo wake, ambaye angeweza kusimulia au kunyamaza kwa hiari yake, kwa kuwa habari ile ilikuwa yake pia.